Kelele Isiyo na Mwenyewe

Tarehe 15 Agosti 2018, Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama kwa mabaharia. Aliyeshitakiwa ndani yake hakuwa dhoruba wala mwamba uliojificha chini ya maji. Ilikuwa taa. Taa za LED, ambazo kila mtu anazisifu kwa kula umeme kidogo, zilikuwa zimeanza kuziba masikio ya redio za VHF melini. Katika bandari moja, kituo cha kuratibu uokoaji kilishindwa kuwasiliana kwa redio na meli iliyokuwa imepata tukio kwenye njia ya kupishana vyombo. Meli hiyohiyo ilikuwa pia inapokea kwa shida mawimbi ya AIS, mfumo unaoonyesha meli nyingine ziko wapi. Hakuna aliyekuwa ametega hujuma yoyote. Taa zilikuwa zinafanya kazi yake ya kuwaka, na katika kuwaka huko zilikuwa zikipiga kelele ambayo sikio la binadamu haliisikii lakini antena inaisikia vizuri sana.

Tahadhari ile iliandikwa kwa ajili ya meli kubwa za chuma. Lakini ukitafuta mahali ambapo taa za LED, betri na redio hukaa kwa kubanana ndani ya chombo kimoja juu ya maji, usiku kucha, huna haja ya kwenda Marekani. Nenda Kalemela.

Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu kubwa yake ikitoka Shinyanga, na Busega yenyewe ikamegwa kutoka Magu ya Mwanza. Makao makuu ya mkoa yako Bariadi, nchi ya pamba, mbali na maji. Busega ndiyo wilaya pekee ya Simiyu inayogusa Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Speke. Ndiyo maana mambo mengi ya huku, kuanzia soko la samaki hadi vituo vya redio, bado yanatazama Mwanza kuliko Bariadi.

Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza, mbalamwezi isipokuwepo, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa wa karabai: taa ya mafuta ya taa yenye pampu na utambi wa wavu, inayovuma kama nyuki na kumeza mafuta ya kutosha kula sehemu kubwa ya faida ya mvuvi. Taa za LED zinazotumia betri na sola zilipoingia ziwani, hesabu ilibadilika. Gharama ya mafuta ilipungua, ajali za moto zikapungua, na moshi ukaondoka usoni. Mtu anayetaka wavuvi warudi kwenye karabai hajawahi kununua mafuta ya taa kwa ajili ya wiki tatu za giza.

Hata hivyo karabai ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeihesabu wakati wa kuiaga. Pamoja na mvumo wake wote, haikutoa hata chembe ya kelele ya redio.

LED inatoa, au inaweza kutoa, kwa sababu haiwezi kula umeme wa betri au wa TANESCO kama ulivyo. Nyuma yake kuna saketi ndogo inayopima umeme na kuutoa kwa kiasi kinachotakiwa, na njia rahisi ya kufanya hivyo ni kuufungua na kuufunga kwa kasi, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kila kufungua na kufunga huko ni mshtuko mdogo, na mshtuko wa umeme hutoa wimbi. Mitambo ya kwanza kabisa ya redio, ile ya enzi za Marconi, ilitumia kanuni hiyohiyo: cheche kubwa, antena ndefu, na ujumbe ukavuka bahari. Balbu ya sokoni inarudia kazi hiyo kwa udogo na bila kukusudia, huku waya wa kwenda kwenye betri ukijigeuza antena. Chaja ya simu hufanya vivyo hivyo. Inveta ya sola nayo ni hivyo, na mara nyingi hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana tangu zamani na ni ya bei ndogo. Ni koili na kapasita chache zinazowekwa mlangoni mwa saketi ili kelele isitoke nje kupitia waya. Fundi wa elektroniki anayefungua balbu au chaja ya bei ya chini hukuta mara kwa mara jambo la kuudhi: kwenye ubao, nafasi ya koili imechorwa, herufi na namba yake zimechapwa, matundu ya miguu yametobolewa, lakini koili yenyewe haipo. Badala yake kuna kipande cha waya kilichounganisha upande mmoja na mwingine. Aliyebuni saketi alijua kinachotakiwa. Aliyeitengeneza kwa wingi aliamua kubaki na zile senti chache za dola.

Hasara ya senti hizo inaweza kupigiwa hesabu. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lina pendekezo linalotumiwa na wahandisi wa FM duniani kupanga vituo, linalojulikana kwa namba BS.412. Linasema kwamba mahali pasipo na kelele ya vifaa vya viwandani na majumbani, msikilizaji wa FM ya kawaida, isiyo ya stereo, hutosheka na nguvu ya mawimbi ya maikrovolti 50 tu kwa mita. Mahali hapo pakiwa na kelele ya kiwango cha vijijini, anahitaji 250. Katika mji mkubwa anahitaji takriban 3,000. Kutoka 50 hadi 250 ni mara 5, lakini nguvu ya mtambo hukua kwa kipeo cha pili cha tofauti hiyo, kwa hiyo ni mara 25. Kituo kilichokuwa kinamfikia msikilizaji wa kijijini kwa kilowati 1 kingetakiwa kurusha kwa kilowati 25 ili msikilizaji huyohuyo, kwenye kiti kilekile, asikie kama zamani. Na huyu ni msikilizaji wa FM, ambayo inavumilia kelele. Wa masafa ya kati na masafa mafupi ana hali mbaya zaidi, maana sauti yake imepandishwa juu ya ukubwa wa wimbi, mahali palepale ambapo kelele ya umeme hushambulia.

Kijiji, kwa lugha ya hesabu hizo, kilikuwa tajiri. Kilikosa umeme, lami na duka la dawa, lakini kilikuwa na utulivu wa hewani ambao Mwanza mjini haukuwa nao, na utulivu huo ulikuwa unafanya kazi kubwa bila malipo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima na kuwafikia watu wapatao milioni 2, wengi wao wakiwa vijijini, wameketi kuizunguka redio moja ya betri. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Radio Tanzania Dar es Salaam iliweza kufanya hivyo kwa mitambo yake michache katika nchi yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 945,000, kwa sababu kule mawimbi yalikokuwa yanafika yakiwa yamechoka kabisa, hapakuwa na kitu cha kuyafunika. Kwa miaka mingi Radio Free Africa ya Mwanza nayo ilirusha kwa masafa ya kati, 1377 kHz, na wapenzi wa redio za mbali walikuwa wakiinasa hadi Ulaya.

Leo umeme umefika vijijini kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, sola imefika kule ambako nguzo hazijafika, na kila nyumba yenye mwanga ina pia mtambo mdogo wa kelele au miwili. Si hoja ya kukataa umeme. Ni hoja ya kuuliza nani alikuwa na kazi ya kuangalia kinachoingia pamoja nao.

Kwa Kalemela swali hilo lina uzito wa aina yake, kwa sababu redio ziwani si ya muziki peke yake. Dhoruba za Ziwa Victoria hujengeka usiku na kushuka alfajiri, saa zilezile ambazo mitumbwi ya dagaa iko nje. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mradi ulioitwa HIGHWAY, kwa fedha za Uingereza, ukihusisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ili utabiri wa ziwa utolewe mapema na kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada yake Mwanza. Njia ambazo taarifa hizo humfikia mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, ni simu, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, na redio. Mtumbwi wa dagaa kwa kawaida hauna VHF ya baharini. Una simu, na mara nyingi una kiredio kidogo cha FM kinachopokea kutoka ng'ambo ya ghuba, au kutoka Sibuka FM ya Maswa upande wa pili, kwa mawimbi yaliyokwishasafiri mbali. Kiredio hicho kimekaa hatua moja kutoka kwenye taa na betri zake.

Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa namna ya kupima ambayo haihitaji mtaalamu. Zima taa. Weka redio kwenye chaneli isiyo na mtu, kisha rekebisha kitufe cha kuzuia mkoromo hadi redio iwe kimya tu, pale pale mpakani. Washa taa. Ikianza kukoroma, taa hiyo ina hatia. Kwa kiredio cha kawaida chenye masafa ya kati, jaribio ni jepesi zaidi: tafuta mahali pasipo na kituo, sogeza redio karibu na balbu, washa na uzime. Duka lolote la vifaa vya umeme Lamadi, hapohapo Busega, linaweza kumruhusu mteja kufanya hivyo juu ya meza ya kuuzia, na muuzaji mwenyewe atashangaa jinsi balbu mbili za wati sawa, zilizokaa rafu moja, zinavyotofautiana.

Sheria za kudhibiti jambo hili hazikuanza jana. Mwaka 1934 wataalamu wa umeme na watangazaji wa redio walikutana Paris katika mkutano wa kwanza wa kamati iliyopewa jina la CISPR, kwa sababu trem, mota na mashine za hospitali zilikuwa zinaharibu usikivu wa wasikilizaji waliokuwa wamelipia leseni za redio. Kamati hiyo ipo mpaka leo, na viwango vyake ndivyo vinavyoongoza dunia: kimoja ni cha taa, kingine cha vyombo vya jikoni na majumbani, kingine cha kompyuta na televisheni, kingine cha magari, boti na injini. Marekani iliandika kanuni zake za vifaa vya nguvu ndogo mwaka 1938. Kompyuta za nyumbani zilipoanza kuharibu picha za televisheni za majirani, ilikaza kanuni hizo mwaka 1979, na kampuni ya Tandy ikaacha kutengeneza kompyuta yake maarufu ya TRS-80 Model I kwa kuwa isingeweza kufaulu. Ulaya nayo, kwa kanuni ya 1989 iliyokuwa ya lazima kuanzia Januari 1, 1996, ilizuia kuuzwa kwa kifaa cha umeme kisichotimiza masharti ya kelele. Kanuni hiyo iligusa karibu kila kifaa, hata mashine ya kunyolea ndevu.

Ndani ya kanuni hizi kuna wazo ambalo wengi hawalioni. Marekani huchapa nyuma ya vifaa maneno yenye masharti mawili: kifaa kisisababishe usumbufu wenye madhara, na kivumilie usumbufu wowote kitakaoupata. Yaani mwenye chaja hana haki ya kuharibu redio ya jirani, na akiambiwa aizime lazima aizime. Lakini chaja yake ikisumbuliwa na kituo cha redio chenye leseni, hana wa kumlalamikia. Wanaotumia masafa kwa leseni wako juu, na vifaa vinavyotoa kelele tu viko chini yao. Ni utaratibu wa vyeo, na umewekwa kwa makusudi.

Tanzania ina vipande vya utaratibu huo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliundwa kwa sheria ya 2003. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake zinakataza mwingiliano wenye madhara kwenye masafa, na zinataka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe kabla ya kuingizwa na kuuzwa. Simu, ruta, mitambo ya FM na redio za upepo vyote vina mlango wa kupitia. Mtu anayefunga kifaa cha kukuza mawimbi ya simu juu ya paa bila kibali anajua, au anapaswa kujua, kwamba anaweza kuvuruga mnara mzima. Upande wa pili kuna Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, ambalo tangu 2012 linaendesha ukaguzi wa bidhaa kabla hazijapakiwa melini huko zitokako. Na kuna Tume ya Ushindani inayofukuzana na bidhaa bandia.

Balbu inapita katikati yao. TCRA hutazama vifaa vinavyokusudia kutuma mawimbi, na balbu haikusudii kitu. Kwa mnunuzi, nembo ya ubora humwambia kwamba balbu haitamrusha kwa shoti wala kuunguza nyumba, jambo ambalo ni la maana sana, lakini haimwambii kama itazima redio iliyo mezani. Tume itaikamata ikiwa imevaa jina la kampuni ya mtu mwingine; yenye jina lake yenyewe, hata iwe na kelele kiasi gani, si bandia. Kelele ikishatoka haina mwenyewe. Mvuvi ataona redio mbovu, muuzaji ataona wimbi dhaifu la kituo, kituo kitaona wasikilizaji wanapungua, na hakuna hata mmoja atakayeitazama taa.

Kwamba serikali inaweza kuchukua hatua kali kuhusu vifaa ikiamua, Watanzania waliliona usiku wa Juni 16, 2016, simu zenye namba bandia za utambulisho, yaani IMEI, zilipozimwa nchi nzima. Watu waliambiwa mapema wabonyeze *#06#, watume namba hiyo kwenda 15090 na wapate jibu kama simu yao ni halali. Kazi ile iliwezekana kwa sababu simu hujitambulisha kwenye mtandao kila inapowashwa. Balbu haina IMEI. Haijitambulishi popote, na ikishauzwa hakuna atakayejua iko nyumba gani. Kwa hiyo kama kuna pa kuikamata, ni bandarini au dukani. Baada ya hapo inabaki njia moja tu ya gharama kubwa, ya kwenda kuitafuta nyumba kwa nyumba.

Gharama ya njia hiyo inaonekana vizuri katika kisa cha Aberhosan, kijiji kidogo cha Wales. Kwa miezi 18 intaneti ya kijiji ilikuwa inakatika kila siku saa 1 asubuhi. Kampuni ya mtandao, Openreach, ilituma mafundi tena na tena, nyaya zikabadilishwa, tatizo likabaki. Mwishowe, mwaka 2020, timu ya wahandisi ilizunguka kijiji alfajiri, mvua ikinyesha, ikiwa imeshika kipimo cha mawimbi mkononi. Ilipofika saa 1 kamili kipimo kikaruka. Wakafuata kelele hadi kwenye nyumba moja ambako mtu alikuwa na mazoea ya kuwasha televisheni yake kuukuu kila asubuhi. Mwenye nyumba aliona aibu, akaahidi kutoiwasha tena, na kijiji kikapata intaneti. Miaka 16 kabla ya hapo, Oktoba 2004, televisheni aina ya Toshiba ya mwanafunzi mmoja huko Corvallis, Oregon, ilianza kutoa mawimbi kwenye 121.5 MHz, masafa ya dharura ya ndege. Satelaiti ikayanasa, waokoaji na polisi wakagonga mlango wa mwanafunzi, na akaambiwa kwamba akiendelea kuiwasha anaweza kutozwa dola 10,000 kwa siku. Kampuni ilijitolea kumpa nyingine bure.

Visa hivi huchekesha, lakini vyote viwili vina mtu anayetembea na kipimo. Kanda ya Ziwa ina ofisi ya TCRA jijini Mwanza, na mamlaka hiyo ina mitambo ya kufuatilia matumizi ya masafa. Je, imewahi kuwa kazi ya mitambo hiyo kwenda kwenye mwalo kusikiliza taa? Pengine si haki hata kuuliza, kwa sababu hakuna mvuvi aliyewahi kuambiwa kwamba mkoromo wa redio ni kitu cha kulalamikia.

Kuna kelele nyingine barabarani ambayo watu wa Busega wanaijua bila kuipa jina. Bodaboda ikipita karibu na nyumba, redio hutoa mlio wa tik-tik-tik unaoongezeka kasi kadiri dereva anavyoongeza mafuta. Hiyo ni cheche ya plagi. Kiwango cha CISPR cha magari na injini kilitungwa kwa ajili yake, na watengenezaji wa pikipiki hukitimiza kwa kuweka kizuizi kidogo cha umeme ndani ya plagi au ndani ya kofia yake. Kwenye plagi za NGK, kwa mfano, DR8EA ina kizuizi hicho na D8EA haina. Tofauti ni herufi R moja. Pikipiki hutoka kiwandani ikiwa kimya. Inapofika kwa fundi wa kando ya barabara, plagi inabadilishwa kwa ile iliyopo, kofia inabadilishwa kwa ile ya bei nafuu, na injini inawaka bila shida yoyote.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Maskini anataka mwanga wa bei ya chini. Ukimwongezea mwagizaji cheti kingine, bei itapanda na atakayelipa ni mama wa Kalemela anayetaka mtoto asome usiku. Hoja hii si ya kupuuza, maana vyeti Tanzania vina sifa ya kuzaa vyeti vingine. Lakini viwanda vingi vinavyotengeneza balbu zetu vinatengeneza pia za Ulaya, zikiwa na koili. Kuomba koili ni kuomba senti. Na balbu isiyo nayo si ya bei nafuu kweli: sehemu ya bei yake imehamishiwa kwa jirani, kwa kituo cha redio kinachotakiwa kuongeza nguvu, na kwa yeyote anayesubiri taarifa ya upepo.

Wengine watasema redio imepitwa, watu sasa wako kwenye simu. Hapa pana ukweli nusu. Kelele ya taa huwa kali zaidi kwenye masafa ya chini na hufifia kadiri masafa yanavyopanda, hivyo 4G haiumii kama FM inavyoumia, na masafa ya kati huumia kuliko yote. Lakini simu huhitaji mnara. Mei 2023 serikali ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ishara ya wazi kwamba kata nyingi zilikuwa bado zina shida ya mtandao. Katikati ya ghuba, betri ya simu ikiisha, kiredio cha betri mbili bado kinaongea.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Viwango vyenyewe vilitungwa kwa nyumba zenye kuta na majirani wenye uzio. Marekani huruhusu kifaa cha nyumbani kitoe hadi maikrovolti 150 kwa mita kwenye masafa ya FM, kikipimwa kutoka umbali wa mita 3. Linganisha na zile 50 zinazomtosha msikilizaji wa mahali patulivu. Maana yake ni kwamba hata taa iliyofaulu mtihani wote inaweza kumsumbua aliyekaa nayo karibu. Mtihani ulikuwa wa kumlinda mtu wa nyumba ya pili. Ndani ya mtumbwi hakuna nyumba ya pili. Taa za uvuvi zinastahili kiwango kikali zaidi, kama zile zinazofungwa kwenye meli karibu na antena, na hilo ni jambo ambalo Tanzania, Kenya na Uganda, zenye ziwa moja na soko moja la taa za dagaa, zingeweza kulisemea zenyewe bila kusubiri Ulaya.

Pa kuanzia si pagumu. Afrika Kusini hudai cheti cha kelele za umeme kinachopitia kwa shirika lake la viwango, SABS, hata kwa vifaa ambavyo havina redio ndani. TBS tayari ina mawakala wanaopima bidhaa huko zitokako. Kipimo cha CISPR kwa balbu, chaja na inveta kinaweza kuingizwa kwenye orodha ya vipimo vinavyodaiwa, vikianza na vifaa hivyo vitatu na si vingine. Sampuli zinunuliwe madukani, Bariadi na Lamadi, badala ya kutegemea zile ambazo mwagizaji amezichagua mwenyewe, maana mchezo wa kupeleka maabara balbu yenye koili na kuuza isiyo nayo unafahamika duniani kote. TCRA itoe namba moja ambayo mtu wa mwaloni anaweza kupiga kusema redio inakoroma kila taa zikiwashwa.

Na lifanyike kwa pamoja na majirani. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma hadi mpaka wa Sirari inakatiza Busega. Katoni iliyokataliwa Dar es Salaam inaweza kushushwa Mombasa, ikavuka Sirari na kufika Lamadi kwa basi la mchana. Kama orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitakuwa moja, ili Nairobi, Kampala na Dodoma zipime kitu kilekile kwa namna ileile, balbu zilizokataliwa kwingine zitaishia kwenye maduka ya barabara hii.